Filamu ya Akhwari ina moyo, ila haina pumzi

Jumapili moja asubuhi, jogging imeisha, tumekaa Mbagala tunakunywa maji, jamaa mmoja akatoa simu na kutuwekea kile kipande cha filamu cha John Stephen Akhwari. Wengi wenu mmekiona. Ni Oktoba 20, 1968, Mexico City. Giza limeingia. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshinda marathoni zaidi ya saa nzima iliyopita, na uwanja umebaki na watu wachache. Mtanzania anaingia anachechemea, mguu umefungwa bandeji, anakuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma akazimalize.

Kiongozi wetu akapata pa kusemea. Akamgeukia dada mmoja aliyeacha njiani, bado anahema: "Umeona? Huyo goti bovu kamaliza. Wewe umechoka nini?"

Tukacheka, na mimi nikiwemo. Nilipofika nyumbani sikujisikia vizuri, maana kati ya wote waliokuwa pale ni mimi ninayesoma fiziolojia ya mazoezi. Kwa hiyo leo nakihakiki kile kipande.

Kwanza haki yake. Ni kizuri. Hakuna mbwembwe: mtu, njia, taa, makofi ya watu wachache. Ukikiangalia mara ya kumi bado koo linakukaba. Shida yangu ni kile ambacho hakionekani kabisa, yaani hewa.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Asilimia ya oksijeni kule ni ileile ya hapa Dar, 21 hivi, ila mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuja na oksijeni pungufu kwa karibu robo. Angalia mbio za mita 10,000 za michezo ileile. Naftali Temu wa Kenya alishinda kwa 29:27.4, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27:39.4. Mwenye rekodi hiyo, Ron Clarke wa Australia, alimaliza wa sita, akaanguka na kuwekewa oksijeni. Sasa nani atasema Clarke hakuwa na moyo? Kwa upande wa pili, Bob Beamon aliruka chini mita 8.90 na kuvunja rekodi vibaya sana, kwa sababu kuruka ni tukio la sekunde chache. Misuli haisubiri oksijeni ya pumzi hiyo, na hewa nyepesi inampunguzia upinzani. Anayeteseka ni yule wa mbio ndefu.

Akhwari alikuwa kwenye hewa hiyo. Masimulizi yanasema misuli ilianza kumkaza, na karibu na kilomita ya 19 wakimbiaji wakagombania nafasi, akaanguka, akaumia goti na bega. Kwenye filamu tunaona bandeji tu, basi tunadhani adui alikuwa goti peke yake.

Na uchovu wenyewe ni nini? Mtaani utaambiwa ni "asidi" imejaa kwenye misuli. Jamani, laktati si sumu. Moyo na misuli mingine huitumia kama mafuta. Kinachochosha ni mambo mengi kwa pamoja: sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli inapungua, kemia ya kukaza na kulegeza msuli inavurugika, ubongo nao unapunguza amri. Tena kupumua kwenyewe ni kazi ya misuli. Kwa mwanariadha aliyefika kikomo, misuli ya kupumua inaweza kula asilimia 10 au zaidi ya oksijeni yote. Ikichoka, mishipa ya damu ya miguuni inabanwa. Miguu inaishiwa kwa sababu kifua kinadai chake.

Kosa la pili la kipande hiki ni kumwacha Akhwari akichechemea milele. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mji wa karibu na bahari, alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa 2:15:05. Wolde alichukua dhahabu ya Mexico kwa 2:20:26. Huyu tunayemtumia kama mfano wa mtu wa mwisho alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu, na filamu haikuambii.

Kwa nini ninang'ang'ana? Kwa sababu somo la "jikaze" linatoka barabarani linaingia baharini. Nenda Coco Beach wikiendi uone vijana wanaoshindana nani atakaa zaidi chini ya maji. Ndani ya maji hupumui unapotaka, unapumua mkono na kichwa vinapokuruhusu, huku maji yanakibana kifua. Anayejifunza huzuia pumzi, hewa ukaa inajaa, anachoka baada ya mita chache na kudhani hana nguvu. Dawa yake ni kutoa pumzi ndani ya maji, si kujikaza.

Hatari zaidi ni wale wanaohema harakaharaka kwanza ili wakae sana. Kinachokulazimisha kuvuta pumzi hasa ni hewa ukaa iliyopanda, si oksijeni iliyoshuka. Ukiitoa yote mapema, umezima kengele. Oksijeni inaisha, hamu ya kupumua haijaja, unazimia bila kujua. Hapo moyo wa Akhwari hausaidii kitu.

Sisemi tuache kukionyesha kipande. Kionyesheni, ila mtaje mita 2,240 na Edinburgh.

Na yule dada? Jogging zetu ni za kuimba, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Hicho ni kipimo kizuri kuliko saa ya mkononi: ukiweza kuitikia, pumzi bado inatosha. Nikikumbuka vizuri, yeye aliacha kuitikia muda mrefu kabla hajaacha kukimbia. Kengele ililia, tukaongeza mwendo.