Heshima kwa Vidole

Mtazame katibu muhtasi aliyekomaa katika kazi yake. Macho hayatoki kwenye karatasi. Kidole kidogo kimeshika Ctrl, cha pete kinagusa S, na barua imeshahifadhiwa. Hamjui fundi aliyeandika programu ile, lakini fundi alimfikiria yeye. Ufundi huo naupenda, na naona unatutoka.

Waliotangulia hawakuwa na pupa. Kwenye kompyuta iitwayo Lisa, ya mwaka 1983, kutendua, kukata, kunakili na kubandika vilipewa Z, X, C na V, herufi nne jirani, ili mkono mmoja utoshe na mwingine ubaki kwenye kipanya. Naye David Bradley wa IBM, alipobuni Ctrl, Alt na Delete za kuwasha mashine upya, alichagua makusudi vitufe vilivyotengana, mtu asije akaiwasha upya kwa kupitiwa na kupoteza kazi yake.

Fundi mzembe, katika programu yake, huuliza swali moja tu: Ctrl imebonyezwa? Kama Shift nayo imo, hana habari. Basi aliyebonyeza Ctrl, Shift na S ili ahifadhi nakala kwa jina jipya huandika juu ya faili lake la zamani. Fundi makini huuliza vilivyobonyezwa na visivyobonyezwa pia. Na mtu akihamia dirisha jingine huku ameshikilia Alt, akirudi vitufe hukaguliwa upya, programu isidhani kidole bado kipo.

Lakini linaloniuma zaidi ni la ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura. Huko kibodi nyingi zimepangwa Kifaransa: Z imekaa pale ambapo kwetu ipo W. Sasa mwandishi wa programu, ambaye hajawahi kuona kibodi isiyo yake, anasoma mahali pa kitufe badala ya herufi iliyochapwa juu yake. Mama wa watu amekosea neno moja, anabonyeza Ctrl na Z alitendue. Programu inasikia Ctrl na W. Dirisha linafungwa, na kazi ya asubuhi nzima imo ndani. Mama atajilaumu kwamba kompyuta hajui, kumbe ametii kila herufi.

Zamani menyu iliandika mkato wa kibodi pembeni ya amri, mtu akajifunza kwa kuuona kila siku, bila mwalimu. Leo menyu nyingi zimefichwa nyuma ya vistari vitatu, na programu nyingi za mezani ni kurasa za wavuti zilizovikwa dirisha. Mikato hukumbukwa mwishoni, fedha na muda vikibaki. Mara nyingi havibaki.

Wewe unayeandika programu, kabla hujaikabidhi kwa wenyewe, chomoa kipanya chako, azima kibodi ya Kifaransa, ukaitumie programu yako kutwa nzima.