Filamu za Habari na Kazi ya Mikono: Kipimo cha Tabaka

Filamu za habari zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema ya Uingereza katikati ya karne ya 20 zinastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote ya sanaa, yaani kwa kutazama fani na maudhui yake kwa pamoja. Mara nyingi uhakiki huelekezwa kwenye mambo makubwa: vita, ziara za wafalme, au hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952. Vipande vifupi vinavyohusu kazi, sanaa na burudani za kila siku huachwa kando. Lakini ndimo mtazamo wa mtengenezaji unamojitokeza bila kujihadhari.

Fani ya filamu hizi ni ya haraka. Habari moja aghalabu ilichukua dakika chache tu. Picha za nchi za mbali mara nyingi zilipigwa bila sauti, kisha maelezo na muziki vikatiwa baadaye London. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi hasemi, bali husemewa.

Kazi ya mawe ya sabuni ya Tabaka, katika nchi ya Abagusii, inatosha kuwa kipimo cha fani hiyo. Jiwe huchimbwa, hukatwa kwa panga, huchongwa kwa patasi na kisu, kisha hupigwa msasa kwa maji hadi lilainike, na mwisho hupakwa nta ling'ae. Kuchimba na kuchonga kwa kawaida ni kazi ya wanaume; kupiga msasa na kung'arisha ni kazi ya wanawake. Fani ya haraka hupenda mwanzo na mwisho: jiwe ghafi, na chombo kilichokamilika. Katikati hukatwa. Katika kukata huko, jasho la wanawake ndilo linalopotea kwanza, na mtazamaji hubaki akidhani kwamba chombo kimezaliwa na pigo moja la patasi.

Mbinu tofauti haikukosekana. Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoanzishwa mwaka 1939 chini ya William Sellers, kilishikilia kwamba filamu za Waafrika ziende polepole, hatua kwa hatua, bila kuruka. Msingi wa rai hiyo ulikuwa dharau, kwani ilidhaniwa kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka. Hata hivyo, mbinu yenyewe iliiheshimu kazi. Katika Mr. English at Home, ya mwaka 1940, familia ya Kiingereza ilipewa siku nzima, tangu asubuhi hadi usiku. Hivyo Mwafrika alionyeshwa siku kamili ya Mwingereza, ilhali Mwingereza alionyeshwa Mwafrika vipande vipande.

Kosa jingine ni la kugawa. Filamu hizo ziliweka kazi upande mmoja, sanaa upande wa pili, na burudani upande wa tatu. Tabaka inaukataa mgawanyo huo. Bao lililochongwa kwa jiwe ni kazi kwa mchongaji na mchezo kwa wachezaji. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris, alitoka katika ufundi uleule unaotoa bakuli za sokoni.

Suala hili si la kale tu. Mwaka 2014 British Pathé iliweka filamu zipatazo 85,000 kwenye mtandao wa YouTube, nazo zinaweza kufika darasani zikiwa na sauti ya msimulizi yuleyule. Kuzitupa si dawa, kwani picha ya mkono ukishika kisu ni ushahidi wenye thamani. Linalofaa ni kuizima sauti ile, na kuwaita mafundi, wake kwa waume, wazieleze kazi za namna yao kwa lugha zao, wataje kila chombo na kila hatua, pamoja na zile zilizokatwa. Bila hivyo, wanafunzi watajifunza kazi za wazee wao kutoka kwa mtu asiyewahi kuzifanya.