Upanga wa Kuazima

Kwenye banda la video kulikuwa na kanuni moja ya utunzi ambayo kila mtoto wa Kasulu aliijua kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Akitupwa kutoka ghorofani, tulitulia. Akimiminiwa risasi, tulitulia. Tulibanana kwenye mabenchi, jenereta likinguruma nyuma ya turubai, na mtafsiri akiishiwa maneno ya wahusika anaongeza ya kwake. Gridi ya taifa ilikuwa bado hadithi. Ilikuja kufika Kasulu mwaka 2022.

Siku tuliyowekewa Power Rangers Lost Galaxy, kanuni ilitikisika. Kuna panga 5 zimechomekwa kwenye mwamba. Kaka mtu anachomoa wa kwake, ardhi inapasuka chini ya miguu yake, na kabla hajatumbukia anamwachia upanga mdogo wake, kijana aliyedandia safari hiyo kwa kujificha. Baba mdogo wangu akapanda juu ya benchi na kupiga kelele: "Huyu siye! Steringi kazama, huyu kaazimwa tu!"

Niseme mapema kwamba baba mdogo huyo nimemzidi miaka minne. Kwa umri ni mdogo wangu, kwa ukoo ni baba, na shikamoo naitoa mimi. Siku hizi anaendesha Noah kati ya Kasulu na Kibondo, ninakofanyia kazi. Gari lake bado lina kile kidude cha kulipia barabara za Japani, na kila akiwasha, sauti ya mwanamke inadai kadi kwa Kijapani. Ndiye aliyeniletea flashi yenye sizoni za Kijapani. "Angalia hizi," akasema, "wanaongea kama yule mama wa kwenye gari."

Nilizirudia usiku baada ya usiku. Kwenye orodha ya watengenezaji, jina moja likawa linajirudia: Yasuko Kobayashi. Katika mfululizo wa Power Rangers, Lost Galaxy ya mwaka 1999 ilitokana na Gingaman ya 1998. Time Force ya 2001 ilitokana na Timeranger ya 2000. Samurai ya 2011 ilitokana na Shinkenger ya 2009. Zote 3 za Kijapani, mwandishi mkuu ni mama huyo mmoja. Tulikuwa tumekaa kwenye darasa lake bila kujua mwalimu ni nani.

Namna kazi yake ilivyotufikia ni rahisi kuieleza. Tangu mwaka 1993 Wamarekani walinunua picha za mapigano kutoka kampuni ya Toei ya Japani, wakapiga upya sehemu zinazoonyesha sura za watu. Kofia ya ranja inaziba uso mzima. Mjapani akishaivaa, Mmarekani anaweza kuivua, na mtazamaji wa Kasulu asing'amue lolote. Mara nyingi hadithi iliandikwa upya. Ila hadithi za Kobayashi zilikuwa zimesukwa kwa namna ambayo ukivuta uzi mmoja mkeka mzima unakuja, na ndiyo maana alama za mkono wake zilibaki hata baada ya kuvuka bahari mbili.

Alama kubwa kuliko zote ni ile aliyoiona baba mdogo akiwa juu ya benchi. Steringi wa Kobayashi hukalia kiti kisicho chake. Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako; yeye alikaa miaka akijiuliza aliyeivaa nguo hiyo anajisikiaje, na mwenyewe akija kuidai inakuwaje.

Ukizifuatisha sizoni zake utaona kazi ina hatua 3. Kwanza mwenye kiti anaondolewa, ama mbele ya macho yetu, ama kabla hatujafika. Pili, aliyekikalia anajua si chake, na kila anachofanya kinabeba uzito wa kujua huko. Tatu, mwenyewe anarudi, tena wakati ambao mkaaji ameanza kukizoea.

Katika Gingaman hatua zote zinaonekana wazi, kama nyumba isiyopigwa lipu. Hyuuga ndiye aliyeandaliwa kuwa shujaa mwekundu. Ryouma, mdogo wake, anarithi upanga kwa ajali. Hyuuga anaporudi, Ryouma yuko tayari kuuachia, na kaka anakataa kuupokea. Hapo mwandishi anatufundisha kwamba upanga ulishahama mkono zamani, ila aliyeushika ndiye alikuwa wa mwisho kujua.

Timeranger inatia sumu kwenye mpango huo huo. Maofisa kutoka mwaka 3000 wanakwama mwaka 2000 na kumvuta kundini Tatsuya, kijana wa tajiri asiyetaka kurithi kampuni ya baba yake. Sura yake ni sawa na ya Ryuya, kapteni wao. Kumbe Ryuya alikwisha kuiona siku ya kufa kwake, akapanga mambo ili mtu mwingine asimame mahali pale. Aliyesimama ni Naoto, na Naoto anakufa. Kiti kinaweza kuja na kaburi lake. Kwenye Time Force ya Marekani, anayeshika nafasi ya Naoto anaitwa Eric, naye anafika mwisho akiwa hai.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa inajirudia. Mwaka 2002 Kobayashi alikuwa mwandishi mkuu wa sizoni nyingine ya Kijapani, Kamen Rider Ryuki. Wapiganaji 13 wanauana hadi abaki mmoja, naye apewe kile anachokitamani. Shinji, mwanahabari mwanagenzi, anaingia vitani kwa kuokota kisanduku cha kadi kwenye chumba cha mtu aliyetoweka: hata hapa, silaha ya mwingine. Sizoni ina sehemu 50. Shinji anakufa kwenye ya 49. Steringi kafa, na picha bado haijaisha! Wamarekani walipoitengeneza upya kwa jina la Kamen Rider Dragon Knight mwaka 2009, wanaoshindwa hawafi. Wanamezwa na utupu wa mahali fulani. Kanuni ya banda letu ilikuwa na wenzake Marekani.

Usidhani alikuwa anaandika anachotaka. Sizoni hizi huuza midoli ya kampuni ya Bandai: kila baada ya majuma machache lazima itokee mashine mpya, rangi mpya, mkanda mpya. Ufundi wake ni kuichukua amri ya duka na kuifanya jambo la moyoni. Kamen Rider Den-O, ya mwaka 2007, inaonyesha hilo vizuri zaidi. Mkanda ulihitaji shujaa abadilike rangi. Kobayashi akasema: basi kila rangi iwe kiumbe anayempanda kichwani. Ryotaro, kijana mnyonge mwenye bahati mbaya, anapandwa na Momotaros mwekundu mwenye hasira, kisha na tapeli wa buluu, na wengine, kila mmoja na sauti yake. Mwigizaji ni mmoja, Takeru Satoh, na sauti za wale wanaompanda ni za waigizaji wengine. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa habari ya kupandwa kichwani na kiumbe mwenye madai. Na aliyekulia kwenye banda hahitaji kuelezwa habari ya sauti ya mtu mmoja kutoka kwenye kinywa cha mwingine. Mtafsiri wetu alikuwa akifanya hivyo kila jioni. Hapa kiti cha kuazima ni mwili wa steringi mwenyewe, na yeye ndiye mwazimishaji.

Mpango huu ulipoiva ukazaa Shinkenger. Takeru wa hapa, mhusika na si yule mwigizaji, ni bwana wa ukoo wa Shiba, wa 18. Wafuasi wake 4 wamelelewa kuambiwa kwamba watampigania hadi kufa, kwa sababu damu ya ukoo huo peke yake ndiyo inayoweza kumfunga mkuu wa mashetani. Kwa zaidi ya sehemu 40 tunaamini hivyo. Kisha anafika msichana mdogo, Kaoru, na wazee wanampigia magoti. Yeye ndiye bwana. Takeru ni mtoto wa mtu wa kawaida, aliyewekwa pale tangu utotoni ili maadui wamwinde yeye.

Mtazamaji wa mara ya kwanza anashtuka. Wa mara ya pili anaona aibu, kwa jinsi alivyokuwa akiambiwa kila wiki. Rudi sehemu ya 1: Takeru hataki kuwaita wafuasi wake, na mlezi wake anamlazimisha. Mara ya kwanza nilidhani ni jeuri ya kikabaila. Mara ya pili niliona kijana asiyetaka watu wafe kwa ajili ya uongo. Nenda pale maadui wanapogundua siri ya damu ya Shiba na kumwandama yeye peke yake. Wafuasi wanajitupa mbele yake kupokea mapigo, naye badala ya kushukuru anazidi kujitenga. Mara ya kwanza huo ni mzigo wa uongozi; mara ya pili ni mdaiwa anayetazama deni likipanda. Mwandishi hakubadilisha neno hata moja. Alichagua matendo yenye sababu 2, akatupa ile ya uongo kwanza.

Huo ndio ufundi wa kuficha kitu mezani. Fundi mdogo huficha siri kwa kuwanyamazisha wahusika. Kobayashi anaficha kwa kutupatia maelezo yanayotosha, na mtu aliyeshiba hachungulii sufuria.

Linganisha na Samurai ya Wamarekani, iliyofuata Shinkenger karibu sehemu kwa sehemu. Pale Jayden naye anageuka kuwa kivuli, na mwenye haki anafika: Lauren, dada yake wa damu. Neno hilo moja, dada, linaumeza mpango mzima. Jayden akishang'olewa kitini anabaki mtoto wa nyumba. Takeru aking'olewa habaki na kitu: si jina, si wafuasi, si haki ya kulala chini ya paa lile. Anabaki na upanga tu, na kwa sababu amebaki na upanga tu, anakubali kupigana na Juzo, muuaji ambaye naye hana kingine duniani. Pambano hilo kwenye Shinkenger linatisha kwa kuwa steringi yuko ukingoni mwa kuwa kama adui yake.

Shinkenger yenyewe ina kasoro, na kuirudia kunazianika pia. Kaoru anafika karibu na mwisho mno. Tunapewa bwana kamili, msichana mwenye akili na ujasiri, halafu nafasi ya kumjua ni finyu. Ningekubali kupoteza majini mawili matatu ya katikati, yale ya kuuzia midoli, ili nimwone amekaa na watu wake. Wazee wa Kasulu wangenielewa: kwetu, katika himaya ya Heru, aliwahi kutawala Mwami Theresa Ntare, na kiti hakikupwaya kwa kuwa aliyekikalia ni mwanamke.

Mwisho wenyewe lakini ni wa fundi. Kaoru anajaribu kumfunga shetani kwa damu yake halali, na damu inashindwa. Upanga lazima urudi kwa Takeru, lakini wazee hawakubali asiye wa ukoo. Basi yule msichana anatangaza kwamba amemchukua Takeru, mkubwa kwake kwa miaka, kuwa mwanawe. Kuanzia dakika hiyo yeye ni bwana wa 19. Sheria iliyokuwa ikimfungia nje muda wote haikuvunjwa, imetumiwa kumwingiza. Nguo ya kuazima imeandikwa jina lake.

Nilimwonyesha baba mdogo sehemu hiyo jioni moja alipolala Kibondo, gari lilipopata pancha na abiria wakaahirisha hadi asubuhi. Nilisubiri aseme kitu juu ya mapigano, au juu ya steringi aliyegeuka siye, neno lake la zamani. Alinyamaza mpaka majina yakaanza kupita. Ndipo akanigeukia, uso wa mtu anayepiga hesabu.

"Subiri. Kuanzia leo, kati ya hao wawili, shikamoo anaitoa nani?"

"Mwenyewe unajua, baba," nikamjibu.