Siri ya Nyumba na Kilio cha Matanga

Katika matanga ya kwetu Kibeta, mjini Bukoba, watu huketi wakazungumza kwa sauti ya chini. Anayeuliza marehemu aliugua nini hujibiwa, "Aliugua kwa muda," na hapo maswali hukoma. Huo ni ustaarabu wa lugha yetu. Walimu huuita tasfida: neno kali huvikwa nguo lisije likamjeruhi mfiwa. Hata hivyo, wahenga waliotufunza kusitiri ndio waliotuonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Basi mpaka kati ya sitara na maangamizi uko wapi? Swali hilo ndilo linalonirudisha kila mara kwenye riwaya ya Rosa Mistika.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliichapisha riwaya hiyo mwaka 1971. Wanafunzi wengi huisoma kama funzo juu ya malezi: Zakaria ni baba mlevi na mkali, na Rosa, akishatoka chini ya mkono wake, anapotea. Usomaji huo si wa makosa, bali ni mfupi. Ukali peke yake haumwangamizi mtoto. Kinachomwangamiza Rosa ni ukali uliofunga mdomo. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, lakini haketi naye wakaizungumza barua ile. Tangu hapo Rosa anajifunza kwamba mambo ya moyo ni ya kufichwa. Anayaficha nyumbani, anayaficha chuoni, na mwisho anamficha Charles, mchumba wake. Siri inapofichuka, Charles anamwacha, naye Rosa anajiua.

Msomaji na autazame mwisho wa kitabu. Baba na binti wanashtakiana mbele ya Mungu. Wengine wameiona sehemu hiyo kuwa ya ajabu, isiyolingana na uhalisi wa kurasa zilizotangulia. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uhalisi wake ulipo. Nyumba ile haikuwa na baraza la kusemea. Ikabidi baraza litafutwe ng'ambo ya kaburi. Ikiwa kuna upungufu, ni kwamba shauri limekuwa la baba na binti, ilhali Regina, mama aliyeubeba mzigo wa nyumba, angestahili naye kusikilizwa kwa kirefu.

Inasikitisha kwamba riwaya yenyewe ilifanyiwa aliyofanyiwa Rosa. Ilizuiwa shuleni kwa hofu ya kuwaharibu vijana, na baadaye ndipo iliporuhusiwa na kufundishwa. Waliokizuia kitabu walirudia kosa la Zakaria: walidhani jambo lisilotajwa halitatendeka.

Mkoa wetu wa Kagera uliijua gharama ya dhana hiyo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa. Kabla jina hilo halijazoeleka, watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na biashara ya magendo kutoka Uganda. Msiba ulifuata msiba, na katika nyumba nyingi yatima alimzika mzazi bila kuambiwa kilichomuua. Mtafiti Aldin Mutembei, katika kazi yake ya mwaka 2001, alichunguza jinsi ushairi simulizi wa Wahaya ulivyousema ugonjwa huo kwa sitiari zilizobadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Mwaka 2005 aliurudia msiba huo katika riwaya yake, Kisiki Kikavu.

Hapa tunapata jibu la swali letu. Fumbo na kimya si kitu kimoja. Fumbo la mshairi lina mlango: msikilizaji hubisha, akafunguliwa, akajua hatari ilipo huku heshima ya marehemu ikihifadhiwa. Kimya ni ukuta. Tasfida inayomsitiri maiti ni adabu. Inayomnyima aliye hai habari ya kumwokoa si adabu tena.

Kwa hiyo nawasihi walimu wasiishie kuwauliza vijana, "Nani alaumiwe, Zakaria au Rosa?" Wawaulize pia: ni neno gani ambalo, kama lingalisemwa mapema katika nyumba ile, lingaliepusha msiba? Nina hakika darasa litanyamaza kwanza. Mwalimu asiogope kimya hicho, angoje. Katika darasa hilo yumo mwanafunzi mwenye siri ya nyumba yao, naye anapima kama hapa pana mtu wa kumsikiliza.