Baridi ya Kivu Huanza na Jasho

Anayetegemea kipimajoto peke yake atakuambia Ziwa Kivu halina baridi. Maji ya juu hukaa karibu na nyuzijoto 24 mwaka mzima, na Rusizi, mji wa Rwanda ulio ufukweni mwake ambao wengi bado wanauita Cyangugu, uko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Ila ziwa hilo limekaa mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, milima imelizunguka kama kuta za bakuli, na wavuvi wake wa sambaza hufanya kazi usiku kucha. Baridi wanayorudi nayo asubuhi ni ya kweli. Ninachokataa ni maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba inatoka ziwani na dawa yake ni kurundika nguo. Kwa jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, baridi hiyo huanza na jasho la mvuvi mwenyewe, na kinachoizuia ni kujua saa ya kuvaa na saa ya kuvua.

Tuanze na chombo, maana ndicho kilichotatua nusu ya tatizo. Sambaza, au isambaza kwa Kinyarwanda, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni samaki wanaofuata mwanga. Chombo cha kuwavulia ni mitumbwi mitatu iliyowekwa sambamba na kufungwa kwa miti ya mikaratusi, huku miti mingine mirefu ikichomoza mbele na nyuma kama pembe za panzi ili kuutandaza wavu. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi ni za betri na za sola. Aliyezoea ngalawa za pwani ataujua ujanja huu mara moja: kama matengo ya ngalawa, utulivu hapa unatokana na upana, na wimbi linaloinua mtumbwi mmoja linapingwa na uzito wa miwili iliyobaki. Chombo cha namna hii hakipinduki kirahisi. Kwa hiyo mvuvi analowa bila kuanguka majini: analowa kwa wavu unaochuruzika, kwa mvua na, kabla ya hayo yote, kwa kupiga kafi.

Angalia ratiba ya usiku mmoja. Jua linapozama wanaondoka wakiimba ili makafi yashuke pamoja, na wakifika mahali pa kutega shati la pamba limekwisha kushikana na mgongo. Wavu unashushwa, taa zinawashwa, halafu inakuja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kukaa kimya. Mwili ulikuwa tanuri, sasa umezimwa. Na ndipo umande unapoteremka. Watu wa pwani wana neno hilo moja kwa unyevu wa alfajiri na kwa upepo utokao bara kwenda majini, na sijui mahali linapostahili kuliko Kivu, kwani usiku miteremko hupoa haraka kuliko ziwa na hewa nzito huporomoka hadi majini. Hewa ya usiku Rusizi huweza kufika nyuzijoto 15 hivi, chini sana ya maji yaliyo chini ya mtumbwi. Maji hupokonya mwili joto kwa kasi mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia, na shati lililolowa ni maji uliyoyavaa, tena upepo unayakausha kwa gharama ya ngozi yako. Vidole ndivyo vya kwanza kulipa. Mwili huondoa damu mikononi ili kuulinda moyo, na mtu ambaye magharibi alifungua fundo bila kulitazama anahangaika nalo alfajiri kama mgeni. Kisha wavu unavutwa, jasho linatoka upya, kungoja kunarudi. Mzunguko huo hurudiwa mara kadhaa hadi saa ya baridi kuliko zote, kabla tu ya mapambazuko.

Ndiyo maana mpangilio unazidi wingi. Sweta zito likivaliwa kuanzia ufukweni litakuwa limelowa kabla taa hazijawashwa, na hapo halina faida. Kinachofaa ni kupiga kafi na shati jepesi, au kifua wazi, huku sweta likisubiri ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko kinachobana. Wavu ukishafika chini, shati linavuliwa, mwili unafutwa, sweta kavu linavaliwa, juu yake koti la mvua au kipande cha shitingi kilichotobolewa nafasi ya kichwa, na jaketi okozi juu ya vyote. Kabla ya kuvuta wavu, sweta linarudi ndooni. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, kwa kuwa kuvua nguo kwenye baridi kunaonekana wazimu. Sweta liwe la sufu au la polista yenye manyoya, maana pamba ikilowa inakuwa adui.

Wapo watakaosema wavuvi wamezoea. Mazoea huondoa malalamiko tu. Damu bado inakimbia vidoleni. Wengine hutaja pombe kali ya kanyanga. Pombe huifungua mishipa ya ngozi, mnywaji akahisi moto kifuani, na moto huo ndio joto lake linaloondoka. Pingamizi lenye uzito ni kwamba Kivu haiui kwa baridi. Mv Merdi ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, watu wasiopungua 78 waliripotiwa kufa mchana, nchi kavu ikionekana, katika chombo kilichopakia kupita kiasi. Nakubali kabisa: jaketi okozi na idadi ya abiria vinatangulia sweta. Lakini jaketi hilohilo, ambalo wavuvi hulilaumu kwa kunasa kwenye wavu, ni povu lililofunika kifua, yaani ndiyo nguo ya joto kuliko zote chomboni. Wakati wa kuvuta linaweza kubana. Wakati wa kungoja halina kisingizio.

Hata anayeanguka majini anadanganywa na kipimajoto kilekile. Maji ya nyuzijoto 24 hayamshtui mtu kama ya Ulaya, ila yako chini sana ya joto la mwili, na kwa saa nyingi yanatosha kulishusha chini ya nyuzijoto 35, ambapo akili huanza kuvurugika. Kuogelea kwenda ufukweni gizani kunaharakisha upotevu huo. Mitumbwi ya mbao hata ikijaa huelea, na miti ya mikaratusi ni jukwaa tayari. Mahali pa kukaa ni juu yake. Upepo utamtetemesha, na atatamani kurudi majini hadi shingoni kwa kuwa yanaonekana vuguvugu. Ni vuguvugu kweli, na bado yanamwibia joto haraka kuliko upepo ule. Abaki juu ya miti, mikono ikiwa kwapani, amsogelee mwenzake, na kama kifuniko kilibanwa vizuri, avute ile ndoo inayoelea.