Prufu, Kutu na Utando: Istilahi za Kupimia Sarafu za Kale

Istilahi isiyofaa haiharibu tafsiri peke yake. Yaweza kuharibu hata kitu chenyewe kinachotajwa. Tuchukue mfano wa sarafu za kale za madini ya fedha, hasa rupia za utawala wa Kijerumani zilizopigwa kati ya 1890 na 1914, zenye uzito wa gramu 11.66 kila moja. Rufiji nayo ilikuwa katika himaya ya fedha hiyo.

Kosa la kwanza ni la neno "prufu". Wapiga chapa wanalijua kwa maana ya nakala ya kusahihishia. Likihamishiwa kwenye sarafu, hudhaniwa kuwa ni daraja la juu la ubora. Sivyo. Prufu ni namna ya kutengeneza: kisahani cha madini na muhuri wa kupigia hung'arishwa, kisha sarafu hupigwa zaidi ya mara moja. Shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, zilizotolewa Tanzania mwaka 1974, zilipigwa kwa namna hiyo na kwa namna ya kawaida pia. Prufu iliyochakaa mfukoni hubaki prufu, ila daraja lake limeshuka. Daraja hupimwa kwa kutazama sehemu zilizoinuka: katika rupia, shavu la Kaiser Wilhelm wa Pili na tai aliye juu ya chapeo yake. Twapendekeza "pigo la prufu" litaje utengenezaji, na "daraja" litaje hali ya sarafu.

Kosa la pili lina madhara zaidi. Rangi inayoifunika fedha kwa miaka mingi huitwa "kutu". Kutu hula chuma. Fedha huungana na salfa iliyomo hewani. Katika delta, upande wa Kibiti, matope ya mikoko hutoa gesi ya salfa inayonuka kama yai viza. Hewa ya namna hiyo huigeuza fedha kuwa ya manjano, kisha wekundu wa kahawia, kisha buluu, hatimaye nyeusi.

Mwenye rupia akiambiwa ina kutu, ataisugua kwa majivu au ndimu, kwa kuwa kutu ni kitu cha kuondolewa. Kumbe tabaka lile ni fedha yenyewe iliyogeuka. Likiondoka, huondoka na sehemu ya uso wa sarafu, na mikwaruzo inayobaki huishusha thamani daima.

Pana watakaopendelea "ukoga". Neno hilo limekwisha kuambatana na meno machafu, nalo laita mswaki. Sisi twaonelea "utando", ambalo walimu wa biolojia wamelizoea na halitoi hukumu. Kwalo twaweza kusema "utando wa asili" na "utando wa kughushi", tofauti ambayo "kutu" haiwezi kuibeba.

Nyumbani watu wataendelea kusema kutu, wala hatuwakatazi. Bali afisa anayeandika orodha ya mali ya makumbusho, na mfasiri wa maelekezo ya uhifadhi, hawana budi kuandika utando.