Fundi Asiyekimbilia Kufomati

Pale Bura, kwenye barabara ya Voi kwenda Taveta, yuko fundi wa kompyuta ambaye mteja akimletea mashine ya mezani iliyopoteza sauti haulizi kwanza flash ya kusimika upya. Huketi, hufungua lile dirisha jeusi la Linux, huandika amri fupi ya kuorodhesha vilivyomo ndani ya /dev/snd, kisha husoma.

Kioo huleta mistari inayoanza na crw-rw----, na kando yake majina mawili, root na audio. Fundi huteremka na ncha ya bisibisi alama kwa alama. Ya kwanza yasema hiki ni kifaa, si faili la kawaida. Tatu zinazofuata ni za mwenyewe, root: asome, aandike. Tatu nyingine ni za kundi la audio, nao vivyo hivyo. Vistari vitatu vya mwisho ni vya watu wengine wote, na hao hawana chao. Basi draiva imo. Kompyuta inadai haina kadi ya sauti, kumbe kadi ipo. Mteja ndiye hayumo kundini.

Dawa yake ni mstari mmoja: sudo usermod -aG audio, kisha jina la mtumiaji. Hiyo a ndogo ndiyo inayomtenga fundi na mbabaishaji. Ukiisahau, mtu huingizwa audio na papo hapo kutolewa katika makundi mengine yote aliyokuwa ameongezwa, hata lile linalompa sudo yenyewe, yaani mamlaka ya root. Halafu lazima atoke na kuingia upya, kwa kuwa makundi husomwa mtu anapoingia. Mwisho ni programu ya alsamixer na nguzo zake za sauti: palipoandikwa MM pamezibwa, unabonyeza M, pawe 00.

Wenye haraka wana chmod 666, ruhusa kwa kila mtu. Sauti huja hapo hapo na mteja huondoka akicheka. Lakini faili hizo huundwa upya kila mashine inapowashwa, kwa hiyo kesho ni bubu tena. Na hilo ni dogo. Ndani ya /dev/snd mna maikrofoni pia. Ukiwapa wote, umempa yeyote mwenye akaunti, hata aliye mbali, uwezo wa kusikiliza chumba. Ni kung'oa mlango kwa sababu ufunguo ulikwama.

Hannu Savolainen wa Finland aliipa Linux sauti mwanzoni mwa miaka ya 1990; Jaroslav Kysela wa Ucheki akaanzisha mfumo wa sauti wa ALSA mwaka 1998. Kwetu mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa matumaini: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na diski za Ubuntu zikaanza kutumwa bure kwa posta. Waliojifunza na diski zile walilazimika kusoma, maana wa kuwafanyia hakuwapo.

Siku hizi Linux yenyewe humpa ruhusa aliyeketi mbele ya mashine. Utaona alama ya kujumlisha mwishoni mwa vile vistari. Ni jambo jema, sikatai. Ila likiharibika, vijana wengi wa ufundi hawajui hata kwamba pale pana kitu cha kusomwa.

Bura ina misheni tangu 1892, na panapo misheni hapakosi kwaya. Nyimbo za mazoezi hurekodiwa kwenye kompyuta kuukuu, bila nakala popote. Mama mmoja alileta yake imenyamaza.

"Fundi, si uifomati tu iishe?"

"Ngoja kwanza, mama. Ndani mna nini?"

"Nyimbo. Na picha za marehemu."

Hakuifomati. Ni wangapi kati ya mafundi wa mjini wangeuliza swali hilo?

Bei ndiyo inayonikera. Akimaliza, wateja hubisha: umeandika mstari mmoja tu, mia tano ya nini? Na kufomati, kunakokula nusu siku na kufuta kila kitu, hulipiwa bila neno.